Mtandao wa Bure, Ijumaa Jioni

Nyamirambo, Kigali
Jumapili, 2 Februari 2025

Kaka Goodluck,

Shikamoo. Najua utacheka, lakini Bibi amesimama nyuma yangu na anasema barua isiyo na adabu haitoki humu ndani. Anakusalimu sana. Goti lake linamsumbua kila mvua ikinyesha, na mvua inanyesha kila siku, lakini maandazi bado anakaanga alfajiri na bado anagombana na wateja wanaotaka kuchagua. Mimi ni mzima. Masomo yanakwenda vizuri isipokuwa michezo, ambako nimesahaulika, nami sijawakumbusha.

Kwa kuwa shuleni kwenu Ngara simu ni marufuku, Bayingana dereva wa lori amekubali kubeba barua zetu. Ataziacha dukani Benaco, mwalimu wenu wa zamu atazichukua akienda sokoni. Usishangae zikichelewa.

Sasa jambo lenyewe. Unajua simu aliyoniachia mama haina laini. Ile yake ilifungwa, na mimi siwezi kusajili nyingine kwa sababu wanataka karatasi za mgeni, na karatasi zetu Bibi anasema "zinashughulikiwa" tangu nikiwa shule ya msingi. Mama naye kule Muscat hana laini, anatumia waifai ya nyumba anayofanya kazi. Ijumaa familia ya bosi wake ikienda kwa wakwe, yeye hupata muda wake, na huku kwetu inakuwa saa kumi na moja jioni. Basi nikitoka shule nakimbia mpaka kituo cha basi, penye kibao cha mtandao wa bure, nasimama chini yake na sare yangu, namwona mama. Tunaning'inia kwenye nyuzi mbili, mimi na yeye, na hakuna hata uzi mmoja ulio wetu.

Juzi alizungumza nami akiwa amesimama, anapiga pasi. Nikamuuliza, "Mama, leo si siku yako ya kupumzika?" Akasema, "Nguo haijui Ijumaa, mwanangu." Aliniita kwa jina lako, kisha kwa jina la Bibi, ndipo akalipata langu. Amekonda, kaka. Akigeuka naona mfupa wa bega juu ya ukosi.

Mkataba wake unaisha mwezi wa nne. Bosi anataka jibu Ijumaa ya tarehe 4 Aprili: arudi nyumbani, au asaini miaka miwili mingine. Mama akaniambia hivi, nayaandika kama alivyosema: "Shaurianeni wewe na kaka yako. Mkisema nirudi, narudi. Mkisema nikae, nakaa. Lakini nataka kusikia kwa midomo yenu, sitaki kuletewa."

Mimi nasema arudi. Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Lillian

*

Ngara
Jumapili, 23 Februari 2025

Mdogo wangu Lillian,

Marahaba, bibi kijana. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nadhani Bayingana aliifanya kisahani. Huku tuko salama. Maharage ya shule yameanza kutufahamu kwa majina. Maji ya kuoga ni ya baridi hivi kwamba Mutsinzi, jirani yangu wa kitanda, huimba nyimbo za kanisani kabla ya kujimwagia, na akishajimwagia hubadilisha nyimbo. Kemia inanitesa, fizikia tunaelewana. Wa kwanza katika mtihani wa majaribio alikuwa mtu mwingine, wa pili alikuwa kaka yako.

Mwambie Bibi asipande ule mteremko na ndoo. Na wewe acha kusoma huku unatembea. Pikipiki za Kigali haziheshimu wasomi.

Hilo la mama nimelisoma. Ni jambo la kufikiri, si la kujibiwa kwa pupa. Usimwambie neno lolote mpaka nikuandikie tena.

Mvua huku ni kubwa. Viatu vyangu vyeusi sasa ni vya kahawia.

Kaka yako,
Goodluck

*

Nyamirambo
Jumapili, 16 Machi 2025

Kaka Goodluck,

Habari za huko na pole kwa viatu. Bibi ameambiwa kuhusu ndoo, na amesema ukija umbebee wewe. Mtaa wetu uko katika mfungo. Mchana maduka yanasinzia, jioni sambusa zinapangwa barabarani na Bibi, Mkatoliki wa Bukoba, ndiye wa kwanza kuzinunua. Nimepata alama nzuri katika insha, mwalimu akataka niisome mbele ya darasa, nikasema koo linaniuma.

Umesema nisubiri barua yako. Nimesubiri. Sasa sikia yaliyotokea.

Mtandao wa kituoni umekufa. Ijumaa ya kwanza nilidhani ni simu yangu. Nikaizima, nikaiwasha, nikazunguka kibao kama mtu anayetafuta mlango. Ijumaa ya pili nikamuuliza mzee wa koti la njano anayepanga foleni za basi. Ilinichukua muda kumwendea, unanijua.

"Mzee, mtandao wa hapa umekwenda wapi?"

"Ile ilikuwa mradi, sha. Mradi iliisha."

"Mbona kibao bado kipo?"

Akakitazama kana kwamba nimemwonyesha kitu kipya. "Kibao iko na chuma nzuri. Nani ataing'oa?"

Basi kibao kinaendelea kutangaza. Watu wanashuka kwenye basi, wanatoa simu, wanakunja uso, wanaondoka. Hakuna anayesema kitu. Kila mmoja anadhani yeye ndiye hajui kutumia.

Nilikwenda kwenye mkahawa wa juu, ule wa vioo. Namba ya kuingilia mtandao wanaichapa kwenye risiti, na risiti haitoki mpaka ununue. Chai yao moja ni bei ya maandazi yote anayouza Bibi mpaka watu waishe kwenda kazini. Mhudumu akaniuliza kwa sauti, "Mwanafunzi, unakunywa ao unasimama tu?" Nikasema nimekosea mlango.

Ijumaa iliyopita nikamwomba Raïssa, tunakaa dawati moja, anirushie mtandao kutoka simu yake. Akasema mbele ya wote, akilitamka jina langu kama wenyeji wote, "Ririyani, tena? Mama yako anakula embii zangu kuliko mimi!" Wakacheka. Mimi pia nikacheka, ndiyo mbaya zaidi. Alinipa kidogo, na picha ya mama ikaganda akiwa amefungua mdomo. Nilimtazama hivyo mpaka Raïssa akakata. Neno lenyewe sikulisikia.

Kaka, tarehe 4 inakuja. Nitamwambia arudi. Sihitaji maneno mengi kutoka kwako, niandikie tu kwamba umekubali.

Lillian

*

Ngara
Jumanne, 25 Machi 2025

Lillian,

Natumai hamjambo wote. Mimi sijambo. Naandika haraka, mwalimu wa zamu anakwenda Benaco sasa hivi.

Acha kuzungukazunguka na simu kuomba mitandao ya watu, utaonekana ombaomba, na sisi ni wageni huko. Soma vitabu vyako. Hilo la tarehe 4 lisikuumize kichwa, kama hukumpata mama hakuna kitakachoharibika. Nitalishughulikia mimi. Mimi ndiye mkubwa.

Msalimie Bibi.

Goodluck

*

Nyamirambo
Jumapili, 13 Aprili 2025

Goodluck,

Bibi hajambo na anakusalimu. Goti ni lile lile. Jirani amehamia Kagugu na kuku wake wote, sasa tunalala mpaka adhana.

Barua yako ilinifikia tarehe 3, siku moja kabla. Nililala nikijiuliza utalishughulikiaje bila simu, tena kwenye bweni. Sikupata jibu, basi nikaamua kwenda mwenyewe.

Kuna fundi wa nguo chini ya msikiti, anaitwa Silvère, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Amevuta waifai dukani, na yeyote anayeleta nguo anaitumia bure wakati akingoja. Ijumaa ile nikampelekea sketi ya shule ipunguzwe pindo. Haikuhitaji kupunguzwa. Duka lilikuwa limejaa wanawake wanaojaribu nguo za harusi, na yeye alikuwa amebana pini midomoni. Akanong'ona kupitia pini, "Karibu, Ririyani. Paswadi ni huruma. Herufi ndogo zote." Kiti hakikuwepo, nikatoka kukaa kwenye ngazi.

Nikaandika huruma. Ikakataa.

Nikaandika tena, herufi moja moja. Ikakataa. Nikaanza kwa herufi kubwa ingawa alisema ndogo. Ikakataa. Nikachungulia ndani. Mmoja wa wale wanawake alisema jambo, wote wakacheka, na Silvère naye akacheka, na akanitazama. Nikajua amenipa neno la uongo ili nisimjazie duka. Nikakumbuka uliyoniandikia, kwamba tutaonekana ombaomba. Sikuinuka kuuliza. Nilikaa pale na simu mkononi mpaka muda wa mama ukapita, kisha nikaenda nyumbani. Bibi akauliza, "Umempata?" Nikasema mama hakuingia.

Jumamosi Bibi akanituma kuchukua sketi. Duka lilikuwa tupu. Silvère akasema, "Jana ulienda bila kuaga. Mama hajambo?"

"Sikuongea naye. Paswadi ilikataa."

"Haiwezekani."

"Ilikataa."

"Leta hapa." Akafuta mikono kwenye suruali, akachukua simu, akaandika pole pole kwa kidole gumba. Nilikuwa nimesimama begani kwake. H, u. Kisha kidole kikaenda kwenye l. Huluma. Ikafunguka.

"Unaona? Huruma," akasema. "Si ndiyo niliyokuambia?"

"Umeandika l."

"Eh?"

"Huruma ni kwa r, baba."

Akaitazama simu, akanitazama mimi, akacheka kwa moyo wote, bila ubaya. "Ririyani wee! Kwetu l na r ni mtu na ndugu yake, wanalala kitanda kimoja. Kwa nini hukurudi kuuliza?"

Hapo simu ikaanza kulia. Zilikuwa zinaingia simu za mama za jana, moja juu ya nyingine, zote ambazo hazikupokelewa. Baada ya hizo ikaingia sauti. Nimeisikiliza mara nyingi, kwa hiyo sitakosea neno.

"Lillian, mama. Nimekupigia mpaka vidole vimechoka. Kaka yako alinipigia juzi kwa simu ya mwalimu wake, akasema mmeafikiana, wote wawili, nikae. Nikamwambia sawa, lakini Lillian nimsikie mwenyewe. Sasa bosi amesimama mlangoni na karatasi. Nadhani umeona aibu kuniambia. Usione aibu, mwanangu. Si vibaya kutaka kusoma. Nimesaini."

Silvère alisikia yote. Akaenda nyuma ya duka akaanza kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Sketi alikataa kulipwa.

Wote wawili, Goodluck. Nani alikuwa wa pili? Nilikuandikia mara mbili kwamba arudi. Mara mbili hukusema hapana. Ulinyamaza huku, ukaenda kusema kule, kwa mdomo wangu.

Lillian

*

Ngara
Jumapili, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Lillian,

Poleni na mvua, nasikia kwenu imeangusha kuta. Huku mahindi yamesimama vizuri. Mutsinzi ameugua malaria lakini amepona, ameanza kuimba tena. Nimekuwa wa kwanza katika fizikia.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma pia mara ya pili, nikiwa nimepoa.

Nikuulize. Mama akirudi mwezi huu, nani atalipa kidato cha sita? Maandazi? Na chuo baada yake? Wewe unataka mama arudi ili umwone. Mimi nataka akirudi akute watoto waliofika mahali, asianze upya na beseni kichwani. Baba alipofariki wewe ulikuwa mdogo, hukuona mama alivyokuwa akihesabu vijiko vya unga. Mimi niliona. Kuna maneno ambayo mtoto mkubwa huyasema ili mdogo asilazimike kuyasema.

Tena lawama usinitupie mimi peke yangu. Mlango wa fundi ulikuwa wazi, tena nyuma ya mgongo wako. Umesoma kila kitabu kilichokaribia mkono wako, lakini hukuweza kusema, "Samahani, inaandikwaje?" Mama alikuwa anangoja sauti yako. Kama ungempokea ungeniumbua, na angerudi. Hukumpokea. Hilo nalo nilifanya mimi?

Tunafunga shule mwezi wa sita. Nitakuja Kigali. Mwambie Bibi anitayarishie senene kama kuna mtu atakayetoka Bukoba.

Kaka yako,
Goodluck

*

Nyamirambo
Jumapili, 1 Juni 2025

Goodluck,

Bibi anakusalimu. Anasema senene si msimu wake, na mtoto wa Kihaya asiyejua hilo amekaa shule mno.

Kuhusu mlango, ni kweli. Nimelifikiria zaidi ya ulivyolifikiria wewe ulipoliandika, na sina la kujitetea. Kuhusu mengine yote hukujibu. Uliandika ukurasa mzima kando ya swali langu.

Kila Ijumaa sasa nakwenda kwa Silvère. Ameniwekea kiti karibu na dirisha, wateja wanajua ni cha nani. Alitaka kulibadilisha lile neno aliandike "kama watu wa shule," nikamwomba aliache. Mtandao wa pale una nguvu kuliko wa kituoni hata ulipokuwa hai. Picha haigandi.

Ijumaa iliyopita nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwanza, kama insha, kisha nikayakariri njiani ili safari hii nisikwame. Mama alikuwa jikoni, nyuma yake bomba lilikuwa wazi. Tukasalimiana. Akauliza habari za Bibi, akauliza habari zako, akasema amefurahi sana kusikia kuhusu fizikia. Sijui alisikia kwa nani, mimi sikumwambia.

Nikasema, "Mama, nina jambo. Ile siku ya karatasi. Mimi sikukubali. Mimi nilitaka urudi."

Akanitazama. Alisikia, Goodluck. Niliona lilivyomwingia, kuanzia machoni mpaka mdomoni. Akanyoosha mkono akafunga bomba, nikasikia jinsi jiko lilivyonyamaza kule Muscat, na nikamsikia akivuta pumzi.

Kisha akasema, "Lillian? Mtandao unakata, mwanangu. Sikusikii."

Akafunga kamera. Jina lake likabaki kwenye kioo, na alama zote za mtandao zimejaa.

Ningeweza kurudia. Maneno nilikuwa nayo yote, na sikuona aibu, siku hiyo hata kidogo. Lakini miaka miwili imeshasainiwa, na yeye ndiye wa kuilala na kuiamkia. Nikasema, "Ndiyo, mama. Hata huku unakata."

Akasema, "Basi tutaongea wiki ijayo." Nikasema sawa. Tukangoja kidogo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.

Ukifika mwezi huu nitakupeleka kwa Silvère, kwa sababu mama ameomba akuone. Kiti ni kimoja. Utakaa wewe, mimi nitangoja nje. Mwambie unalotaka.

Salamu za Bibi nimekufikishia hapo juu. Za mama ni hizi: anakupenda na usome. Za kwangu sijaziandika.

Lillian